Karama ya Mwenye Pijo

Siku Swaib alipoiona ile Pijo kwa mara ya kwanza, ilikuwa imekaliwa na kuku. Walikuwa saba, wawili kati yao wakiatamia kwenye kiti cha nyuma, katika uchochoro wa gereji moja ya Kansanga ambako magari huletwa kutengenezwa, kisha wenye nayo wasionekane tena. Mtu mwingine aliyeingia pale kutafuta tairi la bei nafuu angeona kuku na kutu. Swaib aliona pleti.

Pleti ilikuwa nyeusi, herufi zake nyeupe zimechubuka kidogo: UUD 318. Namba ya enzi za babu, ya kabla Swaib hajazaliwa, imeshikiliwa na skrubu moja na rehema ya Mungu. Akaifuta kwa kiwiko cha shati, akarudi nyuma hatua mbili, akatabasamu. Wanaomjua Swaib, wakimwona anatabasamu namna ile, hushika mifuko yao.

Inabidi msomaji aelezwe kitu hapa. Kampala ya siku hizi imeingiwa na ugonjwa wa magari ya kale. Watu waliokwisha kununua kila gari jipya wakachoka nalo, sasa wanayatafuta yale yaliyokuwa yakiwarushia vumbi walipokuwa wakienda shule miguu peku. Jumapili wanakutana kwenye uwanja mmoja wenye nyasi, wanafungua boneti, wanainama pamoja na kuguna kwa heshima kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga. Na katika mkutano huo kuna vyeo. Gari lenye namba yake ya kuzaliwa, na karatasi za kuthibitisha, huegeshwa katikati. Gari la kale lililobandikwa namba za kisasa, hata ling'ae vipi, huegeshwa pembeni karibu na choo.

Sasa Pijo ya Kansanga ilikuwa na pleti lakini haikuwa na karatasi hata moja. Mwenye gereji alisema iliachwa na mtu ambaye hakurudi, naye alikuwa anangoja tu mnunuzi wa vyuma chakavu. Swaib akauza pikipiki yake, akainunua, kuku wakabaki kwa mwenye gereji. Hakuomba risiti. Alikuwa na kanuni moja tu maishani aliyoishika kwa uaminifu: jina lake lisionekane kwenye karatasi yoyote, kwa sababu karatasi hukaa, na wakati mwingine hufika polisi.

Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha siku ambazo ujanja haukulipa. Pijo isipouzika, Swaib angebaki hana mbele wala nyuma, akizunguka mji huu wa vilima kwa miguu. Alilijua hilo vizuri.

Akaenda Kabalagala. Huko, kati ya kinyozi na muuza chipsi, kuna meza ya Hippolyte, Mkongo aliyetoka Uvira na tapureta moja na vidole viwili vya kuipigia. Kibao chake kinasema anajaza fomu. Si uongo. Hakusema tu kwamba fomu nyingine huzitengeneza mwenyewe kabla ya kuzijaza.

"Nataka logibuku," Swaib alimwambia. "Ile kitabu ya usajili, ya mwaka wa sitini na nane. Pijo 404. Ikuwe imechakaa."

"Kuchakaza ni chai ya rangi na jua, siku mbili," Hippolyte akasema. "Mwenye gari ni nani?"

"Mtu yeyote. Muhimu awe amekufa."

Hippolyte akavua miwani, akaipangusa polepole. Alikuwa msanii, na wasanii huumia haraka. "Ndugu yangu, ni pale minakosanaka na watu wa Kampala. Munapenda mutu akufe tu, bila kuishi. Mutu mwenye alikufa iko na jina, iko na kazi, iko na bibi. Kama hakuna bibi, ni nani ataleta gari?"

Swaib akatazama ng'ambo ya barabara. Palikuwa na bucha, na juu ya bucha kibao: ABDUL-LATIF NYAMA SAFI.

"Anaitwa Abdul-Latif," akasema. "Hajji Abdul-Latif Rehan. Mnubi wa hapa Kampala. Alikuwa anauza ngozi za ng'ombe."

"Maka alienda mwaka gani?"

"Hippolyte, hiyo inasaidia nini?"

"Kama iko Hajji, basi alienda."

Wakampeleka Maka mwaka wa sabini na mbili, akarudi salama. Kisha wakamfanya akimbilie Juba mwaka wa sabini na tisa, akafia huko. Kwa Mnubi wa Kampala, mwaka wa sabini na tisa, vita vilipoiangusha serikali na Wanubi wakakimbia nchi, ni jibu linalotosha maswali yote: nyumba ilikwenda wapi, hati ziko wapi, baba alikwenda wapi. Ukiutaja, watu wazima huinamisha vichwa na hawaulizi zaidi. Hata babu yake Swaib alipotea mwaka huo, na Swaib alijisikia vibaya kidogo kuutumia, lakini si sana.

Mnunuzi hakutafutwa mbali. Wanjala alikuwa na duka la vigae hapo hapo Kansanga, mtu wa Busia, mnene, mwenye sauti ya upole. Alikuwa na magari matatu ya kale, yote yameng'arishwa, yote yana namba za kisasa, na kwa mwaka mzima alikuwa akiegesha karibu na choo. Swaib aliingia dukani, akakaa bila kukaribishwa, akashusha pumzi ya huzuni.

"Bosi, nina siri inaniumiza tumbo."

"Kunywa maji," Wanjala akasema bila kuinua macho.

"Kuna mama mjane huko Kyebando. Bwana yake alimwachia Pijo 404 ya sitini na nane. Namba yake ya kuzaliwa iko. Logibuku iko. Banange, bosi, kuku wanatagia ndani."

Wanjala akaweka kalamu chini. "Anajua bei?"

"Anajua bei ya mayai."

"Maskini mama wa watu," Wanjala akasema, na uso wake wote ukang'aa. "Ni lazima tumsaidie."

Huo ndio ulikuwa ufundi wa Swaib. Hakuwahi kumlaghai mtu mwema. Watu wema hawana haraka na humchosha. Alimfungulia tu Wanjala mlango wa kumdhulumu mjane, na Wanjala akaingia mwenyewe.

"Lakini mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia," Wanjala akaendelea. "Huyo mama kwanza awe mwenye gari kabisa, kisheria, jina lake liandikwe. Sitaki kesho atoke mtu Juba aniletee maneno. Wakili wangu ataifuata, nalipa mimi. Na mafundi wangu waanze kuitengeneza huko huko kwake, ndiyo siku ya kunihamishia iwake tu tuondoke."

Swaib akajifanya anafikiri. Moyoni alikuwa anapiga vigelegele. Mtu anakutengenezea gari lako, anakulipia wakili, halafu ndiye huyo huyo anayelinunua. Mjane wa kukodi angetia sahihi, apokee pesa, amkabidhi Swaib, naye Swaib, ambaye si mchoyo, angempa kitenge kizuri na kilo kadhaa za sukari.

Mjane mwenyewe alikwisha kumchagua. Kyebando kulikuwa na mama mmoja wa Kinubi, Halimah, karibu miaka sabini, aliyehamia hapo kutoka Bombo miaka mingi nyuma na kuishi kwa kusuka tabaga, zile sinia za ukindu za rangi rangi. Hakuwahi kuolewa. Wanawake wa rika lake waliitwa kwa majina ya waume na watoto wao. Yeye aliitwa Halimah tu, na kwenye shughuli za watu alipelekwa moja kwa moja jikoni. Lakini alijua kulia. Swaib aliwahi kumsikia kwenye msiba usiomhusu, na wenye msiba wenyewe walinyamaza wakamsikiliza.

Alimkuta ukumbini, ukindu mwekundu mapajani, akamweleza.

"Mume," Halimah akarudia.

"Wa kwenye karatasi tu, mama. Tena alishakufa."

"Mume wa kwanza ninapata, na alishakufa." Aliendelea kusuka. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu mzuri tu."

"Alikuwa ananipiga?"

"Hapana, mama. Hata siku moja."

"Alioa wengine?"

Hilo Swaib hakuwa amelifikiria. Akamtazama yule mama, mgongo wake umepinda kwa kusukia sinia harusi za wengine, na kwa sababu asiyoielewa mwenyewe akasema, "Hapana. Wewe peke yako. Mlioana kimya kimya Bombo, halafu vita ikamchukua."

Halimah akauweka ukindu chini.

"Huyo nitamlilia," akasema. Kisha akachukua ile logibuku ya Hippolyte, akaikunjua, akaitazama kwa makini zaidi kuliko Swaib alivyotarajia. "Mwambie huyo mtu wako muhuri wa siku hizo ulikuwa wa zambarau. Huu wa bluu utawafunga."

"Umejuaje, mama?"

"Nilikuwa napikia chai watu wa ofisi za magari, zamani. Miaka kumi na moja. Chai inaingia kila mahali."

Swaib akacheka, akamsifu kwa akili zake, na akaenda kubadilisha rangi ya muhuri. Angekuwa na akili timamu siku hiyo, angekimbia.

Kikwazo kilikuwa mwenyekiti wa mtaa. Wakili wa Wanjala alitaka barua yake, kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa marehemu na mjane ni mjane. Mwenyekiti aliitwa Santo, askari mstaafu, aliyejifunza Kiswahili kambini na hakuona sababu ya kukilainisha. Aliisoma barua waliyomwandalia, akaigeuza, akaisoma tena upande usio na kitu.

"Hapana," akasema.

"Cheyamani, hapana nini?" Swaib akauliza.

"Mimi nakaa na Wanubi hapa miaka thelathini. Mtu yao akikufa, wanafanya karama. Wanasoma dua, wanapika, wanaita watu, mimi nakuja, nakula. Hiyo ndiyo ripoti yangu. Huyu Hajji, mimi sijakula. Sasa nasema amekufa namna gani?"

"Alikufia Juba, Cheyamani. Zamani. Habari yenyewe imefika juzi."

"Basi karama ifike pia. Na gari ikuje hapa kwa mama, nisome namba ya chesisi kwa macho yangu. Halafu mwanamume wa ukoo ataweka sahihi. Wewe unamhangaikia sana. Wewe ni nani wake?"

Swaib akamtazama Halimah. Halimah alikuwa anatazama paa.

"Mpwa," Swaib akasema. "Hajji alikuwa mjomba wangu."

"Andika hapo. Jina yako yote."

Kanuni ya maisha yake ikafa hapo, saa nne asubuhi, juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki. Swaib aliandika jina lake lote, akijiambia kwamba ni mara moja tu.

Pijo ikavutwa kwa kamba kutoka Kansanga hadi Kyebando, ikaingizwa uani kwa Halimah. Mafundi wa Wanjala wakaivaa. Wiki tatu walipiga nyundo, wakaweka tairi, wakaamsha injini iliyokuwa imelala miaka, wakaipaka rangi ya krimu kama ilivyotoka kiwandani. Wanjala alikuja kila Jumanne kuikagua, akimletea mjane mkate, na kila alipoondoka aligeuka mara mbili kuitazama pleti.

Karama ikawekwa Jumamosi mchana. Mbuzi walikuwa wawili na mchele wa kutosha, na kwa kuwa gharama za marehemu hubebwa na ukoo, na ukoo ulikuwa Swaib, Swaib aliuza televisheni yake. Alitegemea watu ishirini wa jirani. Lakini neno karama likisikika kwa Wanubi halibaki mtaani. Walikuja wa Kibuli, wakaja wa Bombo kwa basi zima, wazee wenye kofia zilizofumwa na wanawake waliojifunga gurbaba, zile nguo za Kinubi za kujitanda, za rangi ya machungwa. Halimah hakupelekwa jikoni. Alikalishwa mbele kabisa, kwenye mkeka mpya, na wanawake wa rika lake wakaja mmoja mmoja kumshika mkono na kumwita Bibi wa Hajji.

Ukutani nyuma yake ilining'inia picha kubwa katika fremu: bwana mwenye mustachi, kofia, na macho ya huruma. Swaib aliiona, akamvuta Hippolyte kwa mkono.

"Huyo ni nani?"

"Ni Hajji. Mama alikuja kuomba. Nilifanya bure, sababu ya hadisi ni muzuri." Hippolyte akashusha sauti. "Ni mujomba yangu wa Uvira. Muzima kabisa. Mustachi tu njo niliongeza."

Imamu akasoma, watu wakaitikia amina, sinia zikaanza kupita. Ndipo mzee mmoja wa Bombo, Taban, mwenye fimbo na meno mawili, akaitazama picha kwa muda, akatikisa kichwa.

"Nilimjua," akasema.

Swaib alikuwa na tonge mdomoni. Halikushuka.

"Nilimjua vizuri. Alinipa lifti katika gari hii hii mwaka wa sabini na nne. Alikuwa anaendesha polepole. Unaweza kushuka, ukojoe, upande tena."

"Polepole sana," mzee wa pili akakubali. "Lakini gari ilikuwa ya kijani."

"Ilikuwa krimu, Abudu."

"Wewe wakati huo ulikuwa Jinja. Mimi nilikuwa hapa. Kijani."

Wakagombana juu ya rangi ya gari la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, mpaka imamu akawaomba wamheshimu marehemu. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mama mmoja wa Kibuli akasimulia jinsi Hajji alivyomletea kanga kutoka Maka. Mwingine akakumbuka sauti yake ya kuadhini. Mtu aliyefika kwa sababu ya harufu ya pilau tu akasema hata yeye, kwa kweli, jina hilo analisikia tangu utotoni. Halimah aliinama chini ya gurbaba yake na kuanza kulia, pole pole kwanza, kisha kwa sauti ile iliyokuwa imenyamazisha misiba ya wengine. Ua mzima ukashikwa na huzuni. Swaib akajikuta anapangusa macho kwa kitambaa cha mikono, na hakuwa anaigiza.

Wanjala alikuwepo, kavaa kanzu ya kuazima iliyombana tumboni. Alisogea akamnong'oneza Swaib, "Kumbe alikuwa mtu mkubwa hivi? Na mjane hajui thamani ya gari yake. Watu wengine Mungu amewanyima kweli." Akaongeza nyama.

Santo alikula sahani tatu. Kisha akaomba meza, akaingia chini ya boneti kusoma namba ya chesisi, akatoka na kugonga muhuri wake hapo hapo, ukiwa na alama ya mafuta ya mbuzi. Chini yake wakatia sahihi mashahidi waliomjua marehemu. Walikuwa sitini na wawili, na waliokosa nafasi waliandika nyuma.

Ofisi ya usajili ilipoona faili lenye muhuri wa mwenyekiti, barua ya wakili, majina sitini na mawili na sahihi ya mpwa, haikuwa na la kusema. Baada ya wiki kadhaa hati ikatoka. Pijo 404 ya mwaka wa sitini na nane, namba yake ile ile UUD 318, mali ya Halimah, mjane wa marehemu Hajji Abdul-Latif Rehan.

Wakakusanyika uani asubuhi ya Jumatatu kwa ajili ya kuhamisha. Wanjala alikuwa na wakili, fomu, kalamu, na bahasha nyembamba iliyokusudiwa mtu anayejua bei ya mayai. Santo alikuja kwa sababu alisikia kuna chai. Swaib aliegemea ukuta karibu na gari, akiwa amekwisha kuchagua pikipiki mpya atakayonunua, nyekundu, yenye redio.

Halimah akawamiminia chai wote. Wanjala akausogeza mbele yake ule ukurasa.

"Hapa tu, Hajati. Sahihi ndogo."

"Ya nini, mwanangu?"

"Ya kuniuzia gari."

Halimah akaitazama Pijo, ikiwaka juani kama sufuria mpya. "Hajji hakuniambia niuze."

Wanjala akamgeukia Swaib, na Swaib akatabasamu lile tabasamu la mtu anayeteleza kwenye matope akitumaini hakuna aliyemwona.

"Mama," Wanjala akasema, sauti ya upole ikianza kuchanika, "mimi nimetengeneza injini. Nimenunua tairi."

"Mungu atakulipa. Kila Jumanne nilikuwa nakuombea." Akakoroga chai yake. "Halafu Jumapili moja nilipita pale kwenye nyasi, mnapofungua boneti. Nikawauliza wenzako gari ya namna hii inauzwaje. Wakaniambia. Wakaniuliza nani anataka kuninunulia, na kwa bei gani. Nikasema nimesahau jina lake. Nikumbuke?"

Wanjala akaitazama bahasha yake. Akairudisha mfukoni taratibu, kwa vidole viwili.

"Hakuna haja, Hajati," akasema.

"Basi ukiitaka Jumapili moja moja, ukaegeshe nayo katikati, njoo tuongee. Ya kukodi. Wewe si mtu wa nje."

Swaib alikuwa ameshamkonyeza mpaka macho yakachoka. Akamwomba Halimah waongee kidogo, wakaenda nyuma ya jiko.

"Mama, mchezo umeisha. Weka sahihi. Hakuna Hajji, unajua hakuna Hajji."

"Sema kwa sauti," Halimah akasema. "Cheyamani yuko hapo, na wakili. Waambie yule uliyesema ni mjomba wako hakuwepo. Sahihi yako iko juu ya zote."

Swaib akachungulia uani, akarudi.

"Ile gari ni yangu. Niliuza pikipiki yangu."

"Nakuamini. Risiti iko wapi?"

Kutoka uani walimsikia Santo akiomba sukari zaidi. Swaib alitamani kucheka na alitamani kulia. Miaka yote aliwaibia watu waliotaka kuiba, na sasa amezungukwa na karatasi zake mwenyewe, hakuna hata moja ambayo ingemsaidia bila kumpeleka jela.

"Mama, kwa nini umenifanyia hivi?"

Halimah akamshika begani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Swaib zaidi.

"Mwanangu, nimekaa miaka karibu sabini naulizwa mume wako nani. Ulikuja ukumbini kwangu ukanipa mume. Hanipigi, hana mke mwingine, alikwenda Maka. Watu wamekuja kutoka Bombo kumsomea dua." Akajifunga vizuri gurbaba yake. "Hukuniambia ni wa kurudisha."

Akarudi kwa wageni wake. Swaib akabaki nyuma ya jiko na masufuria.

Siku hizi, ukiona harusi ya Kinubi inapita Kibuli au Kyebando, bibi harusi akiwa ndani ya Pijo ya rangi ya krimu iliyofungwa utepe, mtazame dereva. Kanzu nyeupe, kofia iliyofumwa, uso wa heshima. Gia ya gari lile iko kwenye usukani, si kila mtu anaijua, na Halimah alisema haoni kwa nini amtafute dereva wa nje wakati mpwa wa marehemu yupo. Analipwa kila wiki na anapewa chakula cha mchana. Wanjala hulikodi Jumapili ya kwanza ya mwezi na huegesha katikati kabisa. Kila mwaka, mwezi wa karama ya Hajji ukifika, mbuzi huletwa na ukoo, na ukoo bado ni Swaib.

Amejaribu kukasirika. Hudumu nusu saa, kisha njaa inamkumbusha pilau ya Halimah. Hata utapeli ameuacha, au tuseme haujamrudia. Mtu ambaye mtaa mzima unamjua ni mpwa wa nani hawezi kudanganya mbali.

Wiki iliyopita alikuwa anampeleka bibi harusi mmoja msikitini, babu yake bibi harusi kakaa mbele. Mzee akapapasa dashibodi, akauliza, "Gari nzuri. Ya nani hii?"

Swaib angeweza kusema ni yangu. Kwa mara ya kwanza maishani ingekuwa karibu na ukweli. Lakini alipofungua mdomo hakumpata Swaib wa zamani, alimpata bwana mwenye mustachi na macho ya huruma.

"Ya marehemu mjomba wangu, mzee. Hajji Abdul-Latif."

Mzee akafikiri. Kisha uso wake ukafunguka.

"Nilimjua huyo," akasema. "Alikuwa anaendesha polepole."

"Sana, mzee," Swaib akasema, na akapunguza mwendo.